Baba kamlalia kamishna

Doosuur, tumetoka kwenye sherehe ya wanajeshi wastaafu sasa hivi.

Mzinga wa kwanza wa heshima ulipolia, Baba alimrukia kamishna, yule mgeni rasmi wa serikali, akambwaga chini, akamfunika kwa mwili wake. Anapiga kelele, "Laleni! Laleni!" Utadhani bado yuko vitani Liberia!

Watu wakacheka. WAKACHEKA, Doosuur!

Kamishna akainuka, anakung'uta joho lake la agbada. "Mtoeni huyu mzee, amenichafua." Halafu bila haya akashika kipaza sauti, eti, "Serikali inawajali mashujaa wetu."

Wanajali matumbo yao! Miaka kumi tunawaomba daktari wa kumtibu vita vilivyomkaa kichwani, wao wanamgawia mwavuli wenye sura ya gavana.

Tulipofika mlangoni kwetu, Baba akaniuliza, "Yule bwana niliyemfunika, amepona?"