Santuri Juu ya Mtungi

Mpanda, Jumapili, Agosti 1976

Hata sasa siamini. Santuri ya bendi yetu ya jazi, ile tuliyochanganya ngoma za Kikonongo na tarumbeta, nimeikuta Nsemulwa kwa mpwa wangu Veronika, imefunika mtungi wa maji! Madukani haipo siku nyingi. Nimeitafuta mpaka Tabora.

Nikamwambia, "Hiyo tarumbeta humo ndani ni mimi. Nilipuliza mpaka tembo wakasimama njiani."

"Mjomba, mwaka jana si ulisema ulipiga gitaa?"

Mume wake akacheka mpaka akakohoa. Sawa, chumvi naongeza, lakini tarumbeta nilipiga kweli. Nikakimbia nyumbani, nikamletea Veronika mfuniko wa sufuria ya mke wangu (bado hajui) afunikie mtungi, tukaipeleka santuri kwa jirani mwenye gramafoni.

Ngoma zikaja safi, gitaa likafuata. Tarumbeta kuanza tu, sindano ikaruka! Tukarudia, ikaruka palepale. Mtungi unakaa karibu na mafiga, joto limeipinda santuri.

"Mjomba kajificha," mume wa Veronika akasema.

Iliniuma. Nilidhani leo ndiyo mwisho wa kuitwa mwongo.

Nilipokuwa naondoka, Veronika akanishika mkono. "Ile sauti kidogo ya tarumbeta iliyosikika, ndiyo ulikuwa unanipigia kwa mluzi nikiwa mdogo, ukinibeba kwenda misa. Ni wewe, mjomba."

Nikashindwa hata kujisifu.

Santuri nimeilaza chini ya gunia la mahindi, labda itanyooka. Isiponyooka basi, yule mtoto niliyekuwa nikimbeba ameshanisikia.