Kuku Uliyemtemea Mate

Geita, Jumatano

Kaka yangu Maige, Baba Shija,

Shikamoo. Mwangaluka hapo nyumbani. Wifi anaendeleaje na ule mguu? Na ng'ombe, wamepata maji karibu au bado mnawapeleka kule bwawani? Mimi mwili ni mzima. Karasha langu linasaga mawe ya watu kama kawaida, vumbi linaingia hadi kwenye ugali, na kikohozi changu unakijua. Mengine ni mabaya, na wewe umeyaongeza juzi kwenye simu, kisha ukanikatia nilipotaka kujibu. Ndiyo maana naandika. Barua haikatwi. Isome mpaka mwisho, halafu umsomee na wifi.

Ulisema Jumamosi, siku ya kumaliza matanga ya Doto, ukoo ukishakaa, mtamtaja mama mdogo Minza mbele ya watu kwamba ndiye aliyemla ndugu yetu. Ulisema mganga ameona. Ulisema, "Wewe Kulwa umekaa sana na wageni huko machimboni, mambo ya kwenu huyajui tena." Kaka, mtu akishatajwa, kinachofuata nakijua kama unavyokijua. Yule bibi jirani yetu naye alitajwa tu. Aliyemkata panga hajulikani mpaka leo, na hakuna asiyemjua.

Basi nikueleze ninachokijua mimi niliyekuwapo, uje ukipime na alichokiona mganga ambaye hakuwapo.

Duara, yaani shimo alilokuwa akichimba Doto, lina futi sabini kwenda chini. Mvua za wiki ile zilijaza maji. Pampu ya petroli ukiiweka juu haivuti kutoka kina hicho. Inavuta futi ishirini na kitu, basi. Wakaishusha kwa kamba hadi kwenye kibaraza cha katikati, ikaunguruma asubuhi nzima humo humo ndani. Moshi wake haukuwa na pa kutokea. Hapa kila mchimbaji anajua kwamba pampu ikishafanya kazi ndani, huingii siku hiyo. Unaliacha duara lipumue mpaka kesho.

Mchana niliwapelekea chakula nikamkuta Doto anafunga kamba kiunoni.

"Doto, hilo duara bado linanuka," nikamwambia.

"Wewe uliyetangulia kuzaliwa ndiye wa kuogopa. Mimi siku yangu naijua."

"Umeijulia wapi?"

"Kwa mtaalamu. Ardhi hainili, Kulwa. Kuku wangu alikuwa mweupe ndani kama maziwa."

Athumani, yule Mrangi anayezungusha winchi, akacheka. "Hata mimi naamini siku ya mtu imeandikwa," akasema, "lakini fundo la kamba nalikagua kila asubuhi."

"Haya kagua, shehe," Doto akamjibu, akashuka akipiga mluzi.

Mluzi ulikatika kabla hajafika kwenye pampu. Athumani alizungusha winchi mpaka viganja vikachunika. Doto alitoka hana jeraha hata moja, kama mtu aliyelala. Nanyi mliposikia hana jeraha mkasema, si mnaona.

Mimi naona hivi. Mganga huyo uliyemwendea ndiye huyo huyo aliyemtabiria Doto. Wachimbaji wengi wa huku walianzia kwenye almasi kule Maganzo, na wengi walipita kwake. Nimewauliza mmoja mmoja. Nimepata kumi na wawili, na wote waliambiwa neno moja: ardhi haitakula. Watatu kati yao tumekwisha kuwazika. Maneno yao nimeyapata kwa wajane. Tisa waliobaki wanamsifu. Kaka, lazima wamsifu, kwa sababu wako hai. Waliokufa hawarudi kwake kudai kuku wao.

Na hebu tazama. Doto kauawa na hewa, mganga anasema, si niliwaambia ardhi haitamla, huyu kaliwa na mtu. Angeangukiwa na jiwe, angesema kuna mtu aliyelisukuma. Angezeeka akafa kitandani, angesema niliwaambia. Hakuna kifo ambacho kingemfanya huyo mzee aonekane amekosea. Mimi nikimwambia mteja mawe yake yana dhahabu, yakisagwa ikakosekana, nimekosea na mtaa mzima unajua. Mtu asiyeweza kukosea kwa lolote, niambie, huwa anajua nini?

Kuku wako nilisimuliwa habari zake. Ulimtoa nyumbani mwenyewe, ukamtemea mate mdomoni kama desturi inavyotaka, ndipo ukamkabidhi apasuliwe. Doto naye alikwenda na kuku wake, mdomoni ana hamu ya kuambiwa ashuke bila hofu, akaambiwa ashuke bila hofu. Wewe ulikwenda na uchungu wa msiba, na ulikwenda na yale majaruba ya mpunga ambayo mama mdogo amekataa kukuachia. Sisemi umemtaja ili uyapate. Nasema yalikuwa mdomoni mwako. Kuku alipasuliwa, yakasomwa mate yako.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata siku zilizopita mmezigeuza. Kabla ya kuku, mama mdogo alikuwa mdogo wake marehemu mama, aliyetulea sisi watatu. Baada ya kuku, unaniambia kumbe yale maziwa aliyokuwa akimfichia Doto yalikuwa na kitu. Kumbe macho yake mekundu. Macho yale yaliiva kwa moshi wa jikoni akitupikia, umesahau? Doto alipougua surua, mama mdogo alimbeba mgongoni kwa miguu hadi hospitali Kolandoto, na kurudi. Kama alitaka kumla, angemla siku ile, alipokuwa mwepesi, na njia nzima hapakuwa na shahidi. Nilidhani yajayo ndiyo hayajulikani. Sikujua kwamba hata yaliyopita yanaweza kubadilishwa na kuku mmoja.

Unasema ilikuwa siku yake. Hilo sikupingi kwa kelele, maana nalifikiria kila siku nikiwasha mashine. Tulizaliwa usiku mmoja, tumbo moja, nyota ile ile, mkunga yule yule. Kama siku ya mtu inaandikwa anapozaliwa, mbona yake si yangu? Labda iliandikwa, labda haikuandikwa. Sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba alikuwa amefundishwa kusubiri, na siku nyingine zote alikuwa akisubiri. Siku alipoambiwa anaijua kesho yake ndipo alipoacha kusubiri. Sasa mimi naongeza umri na yeye kasimama pale pale. Mwakani pacha wangu atakuwa mdogo wangu kwa mwaka mzima.

Mnasema mimi ndiye niliyemleta Geita. Nilipokuwa naponda mawe kwa nyundo juani hamkuniuliza ninajua nini. Nilipoezeka nyumba ya mama mdogo kwa bati, nikawa mtoto wa ukoo. Leo nimekataa neno moja, nimekuwa mgeni. Sawa, nihesabieni hilo. Lakini Jumamosi msimtaje.

Aliyekuletea barua hii ndiye huyo Athumani. Mpe maji ya kunywa, ametoka mbali, na viganja vyake vitazame kabla hujamuuliza chochote. Gari alilokuja nalo nimelikodi mimi. Hakuja kulala. Amekuja kumchukua mama mdogo Minza, aje akae kwangu, na anaondoka naye leo hii, kabla watu wa matanga hawajaanza kufika. Majaruba yabaki, utalima wewe. Unaniambia kila jambo limepangwa. Basi na kuja kwa Athumani kumepangwa, ondoka mlangoni umpishe. Na kama hakukupangwa, kaka, basi wewe ndiye unayeamua sasa hivi, barua ikiwa mkononi, na kitakachotokea usije ukamsingizia kuku.

Msalimie wifi, nimemtumia dawa ya kuchua mguu, iko kwa Athumani. Msalimie Shija, mwambie shangazi yake anamkumbuka, na asiache shule akakimbilia huku. Wifi yangu mwingine, mjane wa Doto, mwambie nguo za mumewe nimezifua, nitazileta mwenyewe.

Na mama mdogo mwambie asibebe vyungu wala masufuria, nyumbani kwangu vipo. Kuku pia wapo, sita, na wote ni wa kutaga.

Ni mimi dada yako, ninayeitwa bado Kulwa ingawa Doto hayupo.