Maziwa ya Rukia

Jumapili, 2 Septemba 1956

Leo Mama ameniuliza mimi mtoto wa nani. Nikamwambia: wako. Akacheka! Akasema mwanawe hawezi kuwa na mdomo mpana namna hii. Kisha akanishukuru kwa uji, kwa adabu kabisa, kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.

Nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo havikuhitajika, ili Uweso akinikuta nalia niwe na kisingizio. Hakudanganyika. Akanipokonya kisu, akakata yeye. Mume wa hivi humwokoti kila mtaa. Nayasema hapa tu, maana nikimwambia mwenyewe atavimba kichwa.

Tulipomtoa Pangani mwezi wa Ramadhani nilidhani atapata nafuu. Kwetu hapa Ngamiani kuna watu, kuna kelele, kuna mjukuu yumo tumboni. Wapi! Anazidi kupungua. Jina la marehemu Baba limekwenda. Langu limekwenda. Na mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia — dada yangu Rukia alikufa mchanga, huko Moa, kabla sijazaliwa. Mboni ni nani? Hamjui. Nachoka. Nachoka mpaka naona aibu.

Jumatano, 5 Septemba

Mama ameimba!

Niandike kwa utaratibu. Uweso anatunga wimbo mpya wa chama chao cha taarabu, utapigwa harusini Chumbageni. Sauti ya wimbo anayo, maneno bado. Sauti hiyo naijua tangu tuoane: huivumisha akinyoa ndevu, huivumisha akifunga viatu kwenda kazini kwake bohari la stesheni. Nikimwuliza kaitoa wapi, hujibu imo kichwani tangu zamani, haikuomba ruhusa.

Leo alasiri alikaa ukumbini akipiga udi wake. Mama alikuwa anachambua mchele. Ghafla akaacha, akaingia na maneno, hakukwama hata mahali pamoja:

Lala Mtupeni lala, jaani umeokotwa,
Ziwa la Rukia twaa, mwenyewe ameshazikwa.

Nilipiga kigelegele. Wallahi nilipiga! Uweso anacheka, vidole havisimami. Mtu asiyejua leo ni siku gani, anaimba ubeti mzima, sauti imesimama kama ya msichana!

Kisha nikayasikia maneno. Dada yangu kazikwa, na titi lake kapewa mtoto mwingine. Mama naye akaweka ungo chini, akamshika Uweso kichwa, akakilaza kifuani pake. Akamwita Mtupeni. Akamwuliza mbona siku hizi haji kunyonya.

Uweso akacheka tena, kidogo. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 6 Septemba

Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua: waliokunywa maziwa ya mama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Haijalishi nani alitangulia kuzaliwa.

Lakini Mama huyu huyu jana asubuhi alimsalimu paka wa jirani shikamoo! Nitayaaminije maneno yake? Huenda ni wimbo tu wa kubembelezea watoto, kila mtu anao, Uweso kauokota njiani kama wengine. Nikaenda nao bombani. Nikateka maji polepole, nikauimba bila maneno, nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyeitikia. Nyumbani nikauimba na maneno, nakuna nazi. Jirani yetu Benedikta, aliyezaliwa kambi ya mkonge, aliuliza kwenye ua ni watu gani hawa wanaomlaza mtoto kwa habari za maiti.

Nikasema hata mimi sijui.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Bi Mastura, shangazi yake Uweso, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Nikapiga magoti, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, tumbo laendeleaje, chai ikaja. Nikauliza kama mtu anayejiandaa kuzaa: Uweso alinyonya nini, na mamake hakuwapo?

Maziwa ya mbuzi, kasema.

Mbuzi wa nani? Wa pale pale. Pale wapi? Akaniambia nina maswali kama polisi. Nikasema: shangazi, Mtupeni ni nani?

Kikombe kilimponyoka. Akaniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, meno yakanikata mdomo kwa ndani. "Jina hilo halitajwi! Unataka kuniulia mtoto?"

Alilia kwanza ndipo akasema. Mama yake Uweso alikuwa akizaa na kuzika, akizaa na kuzika. Alipokuja huyu wa mwisho wakamlaza jaani, mtu mwingine akajifanya kumwokota, wakamtoga sikio moja, wakamwita Mtupeni ili mauti yamdharau yampite. (Na tundu la sikio lake lililoziba, ambalo ameniambia mara zote ni jipu la utotoni!) Yeye akapona. Mama yake ndiye aliyekwenda, akiwa bado kwenye uzazi. Bi Mastura alikwenda kumchukua mtoto akiwa tayari anatembea, akamleta Tanga, akampa jina la Uweso. La zamani likafungiwa. Likitajwa tu, yatamrudia yaliyowapata nduguze.

Alikuwa akinyonyeshwa na nani?

"Mama Rukia, wa Moa. Kafiwa na mtoto, kifua kimejaa. Jina lake hasa sikulijua. Nilikaa siku moja, nikaondoka na mtoto."

Mama Rukia! Moa nzima walimwita hivyo, kwa mtoto wake wa kwanza, na baada ya kumzika hakutaka kusikia tena. Ndipo wakahamia Pangani, nami nikazaliwa huko. Siku ya posa Bi Mastura aliketi mkeka mmoja na Bi Mwatumu wa Pangani, ndiye Mama, kakonda, mvi tele, keshaanza kuchanganya mambo. Wakaulizana koo, wakaulizana nasaba. Maziwa nani angeyauliza? Mmoja alificha jina la mtoto, mwingine alizika jina la mama.

Nikamwambia Mama Rukia ni mama yangu.

Nzi wakajaa kwenye chai iliyomwagika, asiwafukuze. Kisha: "Funika, mwanangu. Mama'ko hana akili tena. Nani atamsikiliza?"

Jumatatu, 10 Septemba

Nilifunika siku mbili. Jana nikashindwa, nikamwambia Uweso yote. Hakunikemea. Alipapasa sikio lake muda mrefu.

Leo nimerudi sokoni nimekuta godoro la akiba limetandikwa ukumbini, mto wake juu. Sikuuliza ni la nani.

Jumanne, 11 Septemba

Amekwenda kwa shekhe wa msikiti wetu. Karudi kakaa kizingitini, kanieleza uso umegeukia barabara. Neno la Mama halichukuliwi, akili imemtoka. Bi Mastura hakuona kwa macho yake kiasi gani kilinyonywa. Ikiwa ni matone tu, si kitu. Yatakiwa mara tano za kushiba. Tukiwa na shaka, ndoa ipo. Tukiwa na yakini, haipo. Mtoto wa tumboni hana kosa na haki yake ni kamili kwa baba yake.

Baba yake! Ambaye pia ni mjomba wake. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mtoto atamwitaje?

Uweso anataka kujua. Nami nataka kutojua. Tumekubaliana niende Moa, kwa kuwa mambo ya uzazi hasimuliwi mwanamume. Nimeshikilia hilo neno — matone. Namwomba Mungu matone.

Alhamisi, 13 Septemba. Moa

Mkunga yu hai. Bi Mwamvua. Hana jino hata moja, tambuu yake hutwangiwa, na hana dalili ya kusahau. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa Mama Rukia alinikumbatia akanipaka wekundu wa tambuu shingoni.

Nikauliza juu juu. Ati Mama aliwahi kumsaidia mtoto fulani?

Akajipiga mapaja kwa kicheko! "Kumsaidia? Yule kamnyonya mama'ko mpaka kamkausha! Mwaka na zaidi! Katambaa yumo kifuani, kasimama yumo kifuani. Watu tumekaa mkekani, anakuja na vijiguu vyake, anamfunua mwenyewe kanga mbele ya wageni!" Akaniigizia mtoto anavyokuja. Wajukuu zake wakacheka. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri sana, Mungu shahidi.

Akaniambia siku alipochukuliwa, Mama alikaa pembezoni mwa njia akaimba ule wimbo mpaka sauti ikakatika. Kwamba alizikiwa mtoto mmoja, akanyang'anywa wa pili.

"Yu hai?"

Nikasema yu hai.

"Alhamdulillahi! Kaoa?"

Kaoa.

"Mkewe mtu mwema?"

Nikasema simjui vizuri.

Ijumaa, 14 Septemba

Lori halikuja. Nimelala kwa Bi Mwamvua. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 15 Septemba

Njia nzima nilikuwa naunda uwongo. Mkunga alikufa zamani. Waliobaki hawakumbuki. Tubaki na shaka yetu, na shaka haivunji ndoa, kasema shekhe mwenyewe. Nikaurudia mdomoni vumbi likiniingia, mpaka ukawa laini. Bi Mastura atanyamaza. Bi Mwamvua hatoki Moa. Mama hana kumbukumbu. Nani wa kunisuta? Moto wa Jahanamu nitauona nikifika, kwa sasa nataka mume wangu arudi kitandani kwangu. Ndiyo, nimeandika. Namtaka.

Nimefika adhuhuri. Udi umetundikwa, nyuzi zimetolewa. Uweso kapika wali mwenyewe, kachota maji, kamwosha Mama miguu. Hakuniuliza. Alinipokea mtungi wa samli niliopewa Moa, akawa amesimama nao tu, ananitazama mdomo.

Nikasema, "Yule mkunga —"

Mama akainua kichwa. "Mboni," kasema.

Jina langu! Tangu Ramadhani sijalisikia kwake. Nikapiga magoti pale pale mlangoni na buibui langu la vumbi. Akanishika kidevu, akanipangusa shavu kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya nikitoka chuoni. Macho yake yalikuwa yake. Yeye hasa, mama yangu.

"Mboni mwanangu, mbona umekonda? Njoo ule, wali wapoa. Kaka'ko anakungoja tangu asubuhi."

Uwongo wote ulinitoka, sikumbuki hata ulianzaje. Nikaja chumbani, nikashusha pazia. Naandika kwa kuwa sijui mikono niifanyie nini.

Uweso hajanifuata. Siku zote anafuata. Namsikia anapakua. Tangu tuoane tunakula sinia moja, na leo kupitia pembe ya pazia naona sahani mbili, moja huku, moja kule, na yeye kasimama katikati na upawa.

Mama ananiita tena. Kwa jina langu, wazi, bila kukosea.