Sampuli Namba 17 na Barua za Wanawake Ishirini na Sita

KAMATI YA USHAURI WA UTAFITI WA SARATANI YA TITI, LUSHOTO
Kikao cha tatu, 14 Juni 2024

Waliohudhuria: Bi. Raheli Shekalaghe, muuguzi mstaafu (Mwenyekiti), Dkt. Ibrahimu Shemdoe (Mtafiti), Bw. Athumani Kaniki, mfugaji wa Kwai. Mama Esteria Shekifu wa Gare, mwakilishi wa wanawake waliotoa sampuli. Kristian Shebughe (Katibu, mtunza daftari la majina na namba za sampuli).
Asiyehudhuria: Sista Scholastica (udhuru).

KUMB. NA. 1/3/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi. Ukungu ulikuwa umeingia hadi mezani; wajumbe walionana kwa shida.

KUMB. NA. 2/3/2024: TAARIFA YA MTAFITI
Mtafiti alieleza kwamba ndani ya seli zimo RNA, yaani nakala za jeni, ndefu zisizotengeneza protini. Zenyewe hazijengi kitu, ila huamsha jeni hizi na kulaza zile. Zikizidi, seli ya saratani huweza kuachana na wenzake, ikaingia kwenye damu na kusafiri kimya kimya hadi kwenye mfupa au ini. Katika sampuli namba 17 zilikuwa nyingi mno. Alisisitiza kwamba hicho si kipimo kilichothibitishwa, na fomu ya ridhaa inasema majibu hayatarudishwa kwa mtu.

KUMB. NA. 3/3/2024: MJADALA
Bw. Athumani alisema: "Daktari, ng'ombe wangu akichechemea namwita bwana mifugo. Simwambii asubiri utafiti uishe."
Mtafiti alijibu kwamba hapa si zizini. Mwenyekiti aliwataka wote wawili waheshimu kikao.
Mama Esteria alimgeukia Katibu: "Mwanangu, daftari unalo wewe. Kumi na saba ni mimi?"
Katibu alilifunga daftari.
Mama Esteria alisema: "Basi msiniambie. Lakini huyo mwanamke, awe nani, asiachwe nyumbani akipalilia viazi. Tuiteni sote."
Mtafiti alikiri kwamba fomu haikatazi kuwaita wote kwa uchunguzi.

KUMB. NA. 4/3/2024: AZIMIO NA KUFUNGA
Iliazimiwa kwamba wanawake wote 26 waitwe hospitali ndani ya wiki moja. Barua zifanane neno kwa neno.
Mama Esteria aliomba yake aondoke nayo. Katibu aliandika, akakosea tarehe, akaandika upya. Mama Esteria alimwambia, "Taratibu, baba. Nitakwenda."
Kikao kilifungwa saa 5:35 asubuhi.

R. Shekalaghe, Mwenyekiti ................
K. Shebughe, Katibu ................