Shati la Mutuku

Dada yangu,

Siku tuliyowatoa mapacha wako, waliozaliwa kabla ya siku zao, hospitalini Kajiado, ulikuwa na wiki mbili kaburini. Nesi aliuliza ni nani atakayewabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka wapate uzito. Mama asingeweza, alibaki nyumbani akikohoa tangu mazishi yako. Mimi, bibi harusi wa mwezi mmoja, rangi ya harusi bado kwenye kucha, nikasema nitabeba mmoja. Mutuku wangu akafungua vifungo vya shati pale pale mbele ya watu. "Nipeni huyo mwingine."

Unakumbuka ulivyonicheka? "Huyo Mkamba amekuroga na meno yake!" Ungemwona siku hiyo, dada. Nilimpenda upya.

Chumbani kwetu Kitengela yeye alimfunga kijana wako kifuani kwa leso, mimi msichana. Tulilala tumeegemea mito, nikimsikia akimwimbia kijana Kikamba polepole. Nilikuwa na furaha. Nisamehe. Wewe uko udongoni na mimi nilikuwa na furaha.

Kisha Mama akaja kutusaidia. Unajua kwetu, na kwao pia, mwanamume hakai kifua wazi mbele ya mama mkwe. Niliposikia sauti yake mlangoni nikamwambia Mutuku, "Vaa shati, haraka!" Tukamfungua kijana, tukamviringisha kwa blanketi tatu, tukamlaza kitandani. Nilidhani Mama angekaa kidogo tu. Alikaa siku nne. Usiku alilala kwa jirani na kijana akarudi kifuani, lakini asubuhi mpaka jioni alikuwa kwetu, na Mutuku ndani ya shati lake, amekaa wima kama yuko kanisani. Hakuna aliyemwambia Mama kwamba kijana alihitaji kifua hicho. Tuliona aibu.

Siku ya nne kijana alikataa maziwa. Miguu yake ilikuwa baridi, dada, baridi kabisa. Tulikimbia naye hospitali. Nesi alimshika, akatutazama. "Blanketi haina joto lake lenyewe," alisema. Kijana hakufika saa sita mchana.

Tumemlaza kando yako.

Mutuku hajawahi kunilaumu. Usiku ananishika mkono, mzuri hata akilia, na hilo linaniumiza zaidi. Ni mimi niliyesema vaa shati. Sijaweza kumwambia mtu mwingine, ndiyo maana nakuandikia.

Juzi Mama alirudi, nesi akiwa amemweleza habari ya kifua. Nilikuwa nje nikifua chini ya dirisha, msichana yuko kifuani kwa Mutuku. Aliposikia hodi Mutuku akaanza kuinuka, akitafuta shati. Mama akasema kutoka mlangoni, "Mkwe, kaa hapo hapo. Mimi ndiye nitakayefunga macho." Akaingia akipapasa ukuta, akavuta kiti, akawapa mgongo. Alichambua maharagwe mpaka jioni akitazama ukuta.

Msichana amefika kilo moja na nusu na kidogo. Nesi bado hajasema atapona. Nikimuuliza ananiambia nimbebe tu.

Kwa hiyo pumzika, dada. Kijana uko naye, mweke kifuani, alipenda kuimbiwa. Huyu wa kwetu hatateremshwa tena, aje mama mkwe, aje mchungaji, waje wazee wote wa Kajiado. Watakaoona aibu watatazama ukuta.

Mdogo wako