Filamu Isiyo na Uso wa Baba

Tsholotsho,
Zimbabwe.
19 Juni

Mpendwa Kaka Mthokozisi,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Leeds? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua unaendeleaje? Sisi wazima. Baridi imeanza kubana, uwele tumeshavuna, na Baba anakohoa ila chakula anakula.

Nimesikiliza ujumbe wako kuhusu filamu ya Baba. Kaka, umesema maneno makali. Eti wifi yangu Nokuthaba hajui hata kushika simu, eti amemkata mzee kichwa mwanzo mpaka mwisho, wewe umeona magoti, mgongo na mikono tu. Nilicheka, kisha nikasikitika. Umekaa ughaibuni mpaka umesahau kwamba Nokuthaba ni mke wa mdogo wetu Busani? Tangu lini mkamwana wa kwetu akamkodolea macho baba mkwe wake? Simu aliishika yeye, nayo ikatazama pale anaporuhusiwa kutazama yeye.

Mimi nimeirudia mara nyingi. Picha inatikisika, upepo unafunika sauti, mahali pengine kidole cha Nokuthaba kimeziba kabisa. Lakini ile mikono inavyosuka kamba ya ngozi! Nimeishi na Baba miaka yote hii, sikuwahi kuona jinsi kidole gumba chake kinavyotulia kidogo kabla ya kuvuta. Mtu mwenye kamera kubwa angemkalisha kitini na koti la kanisani, tukapata mzee anayesubiri kupigwa picha. Simu ameizoea, haimshtui.

Tuliionyesha shuleni, ukutani. Wanawake walioolewa hapa walisogea mbele kutazama. Jirani yetu MaDube alinishika mkono akaniambia, "Hivi ndivyo nilivyomjua baba mkwe wangu mpaka tunamzika. Nilidhani hakuna mwingine anayeona hivi." Neno hilo kwangu linatosha, hata filamu isipopata zawadi popote.

Hata hivyo nakuonea huruma. Hukuja hata tulipomzika Mama, na sasa daktari ametuambia macho ya Baba yanakwisha. Muda si mrefu hata ukija hatakuona. Kwa kuwa mimi ni binti yake na kumtazama naruhusiwa, jana nilichukua simu nikamfuata zizini ili nikuchukulie huo uso. Akaishusha kofia.

"Zima, mwanangu," akasema. "Anayeutaka uso wangu, njia ya kuja hapa anaijua."

Nikazima simu. Nilikaa pembeni yake, tukawatazama ng'ombe. Baadaye sana akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi, kama ni kweli siku hizi tiketi ya ndege hukatwa kwa simu. Nikamwambia ni kweli.

Busani na Nokuthaba wanakusalimu, na MaDube pia. Mungu wa wazazi wetu akutangulie njiani.

Dada yako akupendaye,
Siphathisiwe