Ni kweli, mzee

Nuria, Alfonce kaikosa ile kazi ya kiwandani Kwala. Usimpigie, kazima simu.

Kaka yangu huyu huyu aliyekuwa anatufundisha hesabu mimi na wewe.

Usaili wameufanyia kwenye pampu isiyovuta maji. Pembeni kasimama fundi mmoja mzee, kichwa chote mvi. Alfonce kampa shikamoo yake. Mzee kasema mota imeungua, ibadilishwe. Halafu kamgeukia, "Au unasemaje, injinia?"

Na Alfonce alishaona valvu ya maji imefungwa. Aliiona, Nuria. Hata mota alikuwa anaisikia inanguruma, haina tatizo.

Kajibu, "Ni kweli, mzee."

Yaani ni kweli, mzee!

Kumbe mzee katumwa kumpima. Meneja kamwambia, "Wewe ni wa tisa leo. Wote mnaona, wote mnakubali. Siku gesi ikivuja humu ndani, napo utaona haya kusema?"

Chuoni waliwapa semina ya wiki nzima kuhusu mambo ya kazini. Wakafundishwa kufunga tai na kujieleza dakika mbili. Kumkatalia mtu mzima hakuna aliyewafundisha, na nyumbani kwetu nani angethubutu?

Sasa hivi baba kapiga kwenye simu yangu kutoka Vihingo, anamtaka Alfonce. Kamuuliza usaili umeendaje. Alfonce kasema majibu bado.

Baba kamwambia, "Mradi hukuwabishia wakubwa."

"Sikubisha, baba."